Shemeji anataka java yangu aimwage bwawani, nikikataa naitwa mchoyo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mabatini hapa Mwanza. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita, anarudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Naomba usinitaje jina kwa sababu mambo yenyewe ni ya ukoo, na mawifi zangu wanasoma safu hii.

Sebuleni kwangu nina matangi manne ya kioo. Samaki ni wachache, gapi na uduvi tu. Ninachokuza hasa ni majani. Kuna kuvumwani wa majini, yale majani laini kama zulia la kijani, ambao asili yake ni Asia, sisi tunaouuza tunauita java. Java haina mizizi ya kuingia mchangani, inajishika juu ya jiwe au kigogo. Nachukua kipande kidogo, nakitandaza kiwe chembamba hadi jiwe lionekane kwa chini, nakizungushia uzi mweusi wa kushonea, nazamisha na kusubiri. Ikishashika inatoa ncha changa za kijani kibichi. Hapo naanza kuipunguza kwa mkasi, na ninachokata nakifunga kwenye jiwe jingine. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo siku nzima ili dawa itoke. Kila Jumamosi natoa robo ya maji ya kila tangi, namwaga mtaroni pamoja na vipande vya java vilivyochoka, halafu najaza mapya.

Wateja wangu ni saluni, zahanati ya meno, na hoteli mbili za upande wa Capri Point zenye akwariamu mapokezi. Si fedha za kujengea nyumba, lakini ni jasho langu. Nilianza na kiganja kimoja tu cha java, nilichotumiwa na rafiki kutoka Dar kikiwa kimefungwa kwenye gazeti lililoloweshwa.

Sasa tatizo. Kaka mkubwa wa mume wangu ana mabwawa ya sato Kayenze, karibu kabisa na ziwa. Huyu shemeji amenifanyia mema mengi. Mume wangu alipokosa kazi, yeye ndiye aliyemlipia mtoto wetu wa kwanza ada ya shule ya bweni, kidato cha kwanza na cha pili. Hata tangi langu la pili alilinunua yeye, akasema ni zawadi. Sijasahau na sitasahau.

Alikuja kututembelea akakuta mteja analipia mawe matatu. Mteja alipoondoka akaniambia, "Shemeji, kitu chenyewe kinaota hivi halafu unakifungia kwenye vioo? Nipe ndoo moja niimwage kwenye bwawa la chini. Baada ya miezi sita tunauza kwa kilo mpaka Nairobi."

Nikamwambia bwawa la chini lina mfereji unaoishia ziwani, na masika linafurika. Java inakatikakatika, na kila kipande kinaota upya. Itakuwaje ikizagaa kama gugu maji? Akacheka. "Ziwa limeshazoea magugu. Nyasi zako za kwenye kioo zitalifanya nini?"

Nikanyamaza, na yeye akachukulia kwamba nimekubali. Nilipompigia baadaye kumwambia kwamba bado sijakubali, habari ikafika kwa mama mkwe kabla jua halijazama. Mama alinipigia mwenyewe: "Aliyekusomeshea mtoto unamnyima majani? Una roho ya kwa nini." Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo nikisalimia hakuna anayeitikia. Mume wangu nikimweleza anasema, "Mpe tu, yaishe." Kwake ni majani, hajui kwamba ni jasho langu.

Shemeji amesema akishavuna sato mwezi ujao atakuja na ndoo yake. Nikimpa, roho itanisuta. Nikimnyima, nitaonekana nimelipa wema kwa ubaya. Nifanyeje ili nisipoteze ndugu, na jasho langu nalo lisipotee?

Na jambo dogo la mwisho, kama Shangazi unajua: java ya tangi la karibu na dirisha inageuka kahawia, hasa kwa chini. Imeanza joto lilipoanza. Ni ugonjwa?

Mwenye matangi, Mabatini

*

Marahaba, mwanangu.

Nikikuelewa vizuri, mtu aliyekubeba wakati wa shida anakuomba kitu ambacho yeye anakiona kidogo. Wewe unakiona kikubwa kwa sababu mbili: unaogopa ziwa litadhurika, na unaogopa biashara itatoka mikononi mwako. Mume yuko mbali na anataka utulivu. Mama mkwe ameshakupa jina. Na ndoo iko njiani. Ni mzigo, na sitakuambia ni mwepesi.

Lakini barua yako nimeisoma mara ya pili nikiwa na kalamu. "Jasho langu" limo mara tatu. Hofu ya ziwa imo mara moja tu, pale ulipokuwa unamjibu shemeji. Sisemi hofu hiyo ni ya uongo. Najiuliza tu kama hukulitanguliza ziwa kwa sababu ni sababu yenye heshima, inayosemeka mbele ya mkubwa, wakati ile nyingine, kwamba hutaki mradi wako umezwe, unaionea haya. Mwanamke aliyeolewa kwenye ukoo wa watu hafundishwi kusema "hiki ni changu". Basi anatafuta kitu kikubwa cha kujikinga nacho. Ubaya wa kinga hiyo ni kwamba shemeji akija kesho na kusema "sawa, nimeziba mfereji", utabaki huna neno, ilhali moyo bado haujaridhika. Naye atajiuliza ulikuwa unaficha nini.

Tuyatenganishe basi, tuanze na ziwa.

Hofu yako ina mizizi. Gugu maji kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon. Lilisambaa duniani kwa sababu watu walipenda maua yake ya zambarau wakalipanda kwenye vidimbwi vya bustani. Lilikuwa pambo, kama hiyo java yako. Kwenye Ziwa Victoria lilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980, mengi yakishuka na Mto Kagera, na katikati ya miaka ya 1990 mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka mwaloni. Lilipungua baada ya kuletwa fukusi, wadudu wanaolila, ila halikwisha. Sasa kuna gugu jingine, salvinia, ambalo watu wa Kigongo na Busisi wamelikoma. Asili yake ni Brazil, na nalo limetembezwa nchi nyingi na biashara ya akwariamu na bustani za maji. Ukiongeza sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 na 1960, ambaye amechangia sana kuwamaliza furu, samaki wetu wadogo wa asili, utaona kwa nini mtu wa Mwanza mwenye kumbukumbu anashtuka akisikia "nimwage kidogo tu".

Hata hivyo, si haki kuipa java kesi ya gugu maji. Gugu maji linaelea, linachukua jua lote, na linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Java inazama, inang'ang'ania jiwe, inapenda kivuli na inakua polepole, wewe mwenyewe unajua unavyosubiri. Kwa hiyo ukimwambia shemeji kwamba meli zitakwama kwa ajili ya java, atakucheka tena, na safari hii atakuwa na haki kidogo. Lililo karibu na ukweli ni dogo zaidi na ni gumu zaidi kulieleza: mmea mgeni ukishaingia kwenye maji yaliyo wazi, hakuna mkono wa kuurudisha. Mwambao wetu una mawe kila mahali, na katikati ya mawe hayo ndiko wanakoishi mbipi, furu wa miambani, ambao baadhi yao wanapatikana kwenye visiwa vichache tu. Mmoja wa furu hao wa Ghuba ya Mwanza wanasayansi walimpa jina la Mwalimu, nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, na wazungu wanamfuga vyumbani kwao kwa mapenzi makubwa huku sisi hapa tukimjua kama chambo. Haya, nimetoka nje ya njia. Nilitaka kusema tu kwamba kitu kinachojishika kwenye mawe ya kivulini, kwenye ziwa hili, hakiwezi kuitwa "nyasi za kwenye kioo" na mambo yakaishia hapo.

Sasa niruhusu nikuulize swali ambalo pengine litakuuma. Mtaro wako wa Mabatini unaelekea wapi? Mitaro ya huko inaishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kila kipande kinaota upya, na umeandika pia kwamba kila Jumamosi vipande vilivyochoka vinakwenda na maji. Na hoteli za Capri Point zikichoka na akwariamu zao, mawe yako wanayatupa wapi? Siulizi ili nikukamate. Nauliza kwa sababu shemeji au mtu mwingine wa ukoo ataliuliza siku moja, tena mbele ya watu, na ni bora likukute umeshatengeneza kwako. Maji ya tangi yamwagie mchicha, yana mbolea nzuri ya kinyesi cha samaki. Unachokata kianike juani hadi kivunjike mkononi, ndipo ukichome na takataka. Na mteja anaponunua jiwe, mwambie asije akalitupa kwenye maji ya ziwa. Ukifanya hivyo, neno lako kuhusu mfereji wa Kayenze litakuwa na uzito ambao leo halina.

Tuje kwenye jasho.

Kuogopa mradi wako usichukuliwe si uchoyo, mwanangu, hata mama mkwe akiuita hivyo. Lakini tuangalie kama hatari ni kubwa kama unavyoiona. Shemeji anadhani java itaota bwawani kama matembele. Bwawa la sato liko juani kutwa. Mwani wa nyuzi utaivamia kabla haijashika. Sato wenyewe wanakula majani na kufukua tope, na tope likitua juu ya java inakufa kwa kukosa mwanga. Kuuza kwa kilo napo nina shaka. Wanaonunua java Mwanza ni wachache, wananunua jiwe moja au kiganja kimoja, na bei yako inasimama kwa sababu haipatikani ovyo. Huenda shemeji hataki kukupora kitu, ila ameona fedha mezani bila kuona mkasi, uzi na miezi ya kungoja. Je, umewahi kumwonyesha kazi yenyewe? Au ameona mteja analipa, basi?

Na lile tangi la pili. Wewe umeandika "zawadi". Una hakika kwamba na yeye analiita zawadi mpaka leo? Kwenye koo zetu fedha ya ndugu ni zawadi maadamu unajikongoja, ukianza kutembea inageuka mtaji na mwenyewe anajiona mbia. Hakuna anayelisema hilo kwa sauti. Linakuja kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya ndoo. Ikiwa ndivyo, mnabishana kuhusu majani huku kilicho katikati yenu ni hesabu ambayo haijawahi kufungwa.

Njia zako ni zipi? Naona kadhaa, na hakuna hata moja ambayo haina mwiba.

Unaweza kukataa waziwazi, kwa adabu, ukitoa sababu zote mbili bila kuificha ya pili. Utalala ukijua umesema ukweli. Lakini baridi ya ukoo inaweza kuchukua muda mrefu, na kama bado kuna ada au msaada unaoutegemea kwake, mtoto anaweza kuulipia ubishi wa watu wazima. Hilo lipime wewe, mimi silioni kutoka hapa.

Unaweza kumkubalia kitu, ila si kile alichoomba. Java haihitaji bwawa. Inaota vizuri kwenye matenki ya plastiki, hata madiaba mapana, yaliyowekwa kivulini chini ya neti mbali na mfereji, bila sato ndani. Ukimwambia, "Shemeji, tuanze na madiaba mawili kwako, mimi nije nikufundishe kufunga, mauzo tugawane hivi na hivi," umegeuza ombi la ndoo kuwa biashara ya watu wawili, na wewe ndiye fundi. Mwiba wake ni huu: madiaba yako Kayenze na wewe uko Mabatini. Siku akiona yamejaa akayamimina bwawani, utajua baada ya mvua. Na masharti mnayopeana na ndugu yasipoandikwa hugeuka maneno ya "wewe ulisema, mimi nilisema". Je, una moyo wa kumwomba kaka wa mumeo aweke sahihi? Wapo wanaoweza. Wapo ambao karatasi hiyo peke yake ingevunja kikao.

Unaweza pia kumwomba mkaulize pamoja kwa afisa uvuvi wa kata, au kwa watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, ambao wana kituo hapa Mwanza, kama mmea wa namna hiyo unaruhusiwa kwenye bwawa lenye njia ya kwenda ziwani. Uzuri wake ni kwamba jibu halitakuwa lako, litakuwa la mtu wa tatu, na shemeji mwenye mabwawa ana sababu zake za kuelewana na watu wa uvuvi. Ila neno "pamoja" usilidondoshe. Ukienda peke yako kisha afisa akatokea bwawani kwake, kwa ukoo mzima utakuwa umempeleka ndugu yako serikalini, na hilo halifutiki kwa soda na biskuti. Jiandae pia kwamba mtaalamu anaweza kuuliza java yako iliingiaje nchini, na huenda akakupa masharti wewe uliyekwenda kuuliza ya mwenzako.

Kabla ya zote hizo nakuona una mazungumzo na mumeo ambayo bado hayajafanyika. Simwiti mbaya. Mtu aliye mgodini akipigiwa simu na mama, na kaka, na mke, kuhusu majani, atasema "yaishe" hata mimi ningemwelewa. Lakini ada ile ilimsomesha mtoto wa ninyi nyote wawili. Deni la fadhila, kama ni deni, ni la nyumba nzima. Kwa nini lilipwe kutoka kwenye tangi lako peke yake? Safari hii akirudi, usimweleze kwa maneno. Mkalishe mbele ya tangi, mpe mkasi na uzi afunge jiwe moja. Vidole vya mchimba dhahabu vikishindana na uzi ule, atajua anachokuambia ukitoe. Na yeye ndiye mwenye haki ya kukaa na kaka yake wakaulizana hilo swali la zawadi na mtaji, ambalo likitoka kinywani mwako linaweza kusikika vibaya.

Mama mkwe mwache kwanza. Amesikia upande mmoja, na anamtetea mwanawe kama wewe utakavyowatetea wako. Ukipata upenyo, mpigie kwa habari nyingine kabisa, hali ya mgongo wake, mvua, bei ya dagaa. Salamu zako kwenye kundi ziendelee hata zisipoitikiwa.

Unaniuliza ufanyeje ili usipoteze ndugu wala jasho. Siwezi kukuahidi kwamba vyote viwili vitabaki vizima. Ningetamani tu, ndoo itakapofika, uwe umeshajua ni lipi unaweza kuishi nalo, ili usinyamaze tena akachukulia kwamba umekubali.

Kuhusu ule ukahawia: si lazima uwe ugonjwa. Java ikiwa nene, tabaka la chini linakosa mwanga na kufa, na uchafu wa samaki unanasa humo. Juu ya hayo kuna joto la dirishani, maana maji yakipita nyuzi 28 java inaanza kuchoka, na jua la moja kwa moja linaleta mwani unaoisonga. Sogeza tangi hilo mbali na dirisha, taa iwake kwa muda wa saa saba hadi nane kila siku, punguza kwa mkasi mpaka uone jiwe, na uchafu unyonye kwa mpira mwembamba unapobadilisha maji. Na kama uliweka dawa ya samaki yenye shaba ndani yake, acha, hiyo inaua java na uduvi wako pia.